Ufito wa Sponji wa Kutuliza Kichwa Katika Gofu

Kifaa hiki ni ufito mwembamba unaochomekwa ardhini kwa mshazari, wenye sponji nchani mwake juu, nacho huwekwa karibu na kichwa upande wa mguu wa nyuma (wa kulia, kwa anayepiga kwa mkono wa kulia), ili mchezaji akiyumba anapopandisha fimbo, sponji imguse sikio papo hapo. Nimekitumia kwa wiki sita, nikipiga mipira 40 kila zoezi kwa fimbo namba 7, na kimenifaa kuliko onyo la "usiinue kichwa" nililolisikia kwa miaka mingi.

Kosa langu lilikuwa kusogeza kichwa kulia pamoja na nyonga. Basi fimbo ilifika chini mapema mno, ikachota udongo kabla ya kuugusa mpira. Siku ya kwanza sponji ilinigusa karibu kila pigo. Nilipojifunza kuzungusha mabega badala ya kuyasukuma pembeni, kipande cha nyasi kilianza kukatika mbele ya mpira, mahali panapostahili.

Hata hivyo, kifaa hakigundui kichwa kinachoinuka, na ncha yake ya chini haiingii kwenye ardhi kavu. Tena kisimfanye mtu akakamae: bingwa wa gofu wa Marekani Jack Nicklaus, ambaye utotoni mwalimu wake Jack Grout aliagiza ashikwe nywele ili kichwa kitulie, aligeuza kidevu kulia kabla ya kupandisha fimbo. Mpira ukishaondoka, kichwa kiachwe kigeuke pamoja na kifua, la sivyo shingo na mgongo vitaumia.

Kwa anayechota udongo kama nilivyokuwa mimi, ninakipendekeza kwa moyo wote.