Tahadhari: Gari la kijeshi la minyororo linalouzwa Miritini

Ndugu zangu wa Mombasa na Pwani kwa jumla, hasa mnaopenda magari ya kale, nawatahadharisha kuhusu muuzaji anayetangaza gari dogo la kijeshi la minyororo, aina ya Universal Carrier, akidai kwamba limefufuliwa upya nchini Uingereza na kwamba mnunuzi ataliendesha uani kwake siku hiyo hiyo. Jirani yangu mmoja, mtu mzima mwenye busara zake, alimpa shilingi 350,000 za kufunga bei, na mpaka leo hajapata gari wala fedha. Mimi ni fundi wa matingatinga, na jirani aliniita nilikague gari hilo yadini baada ya kwisha kulipa.

Gari lenyewe ni la kweli, na hapo ndipo penye mtego. Magari ya aina hii yaliundwa zaidi ya 100,000, mengi yao wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, yakiwa na injini ya petroli ya Ford V8, na raia wa nchi kadhaa wanayamiliki na kuyaendesha mpaka sasa. Anayeliona hilo la Miritini limepakwa kijani kinachong'aa huamini upesi.

Usukani wake, hata hivyo, una utaratibu wa peke yake. Ukiuzungusha kidogo, bomba nene linalopita chini ya gari kutoka ubavu mmoja hadi wa pili husogea kando pamoja na magurudumu yaliyoshikana nalo, minyororo ikapinda na gari likakata kona taratibu. Ukiuzungusha zaidi, ndipo breki hushika mnyororo wa upande mmoja. Nililala chini nikalitazama bomba hilo. Rangi ilikuwa imefunika maungio yake pande zote mbili bila ufa hata mmoja, maana yake halijasogea tangu lipakwe, na nilipokwangua kwa bisibisi kutu ilibanduka kama magamba ya changu. Gari la namna hiyo hugeuka kwa breki peke yake, yaani kwa ghafla, na sidhani kama kuna mzazi anayelitaka kwenye ua wenye watoto. Gurudumu la mbele la kukazia mnyororo nalo lilikuwa limesukumwa hadi mwisho, dalili kwamba mnyororo umerefuka kwa sababu pini zinazounganisha vipande vyake na matundu ya pini hizo yamelika.

Injini tuliikuta tayari ina moto, na muuzaji akasema ameiwasha mapema ili asitupotezee muda (ukarimu wa kutiliwa shaka kwa fundi yeyote). Niliomba tusubiri ipoe. Ilipopoa, haikuwaka tena.

Karatasi ndizo zilizonikera kuliko yote. Zinasema gari hilo ni trekta iliyoundwa mwaka 2018, na namba ya chesisi iliyoandikwa humo haifanani na iliyogongwa kwenye bamba. Sababu ya uongo huo inaeleweka: KS 1515, kiwango cha Kenya cha ukaguzi wa magari, hakiruhusu magari yaliyotumika yenye umri unaozidi miaka 8 kuingizwa nchini, kwa hiyo anayedai kwamba gari la enzi za vita limepita Kilindini kwa njia ya kawaida anapaswa kuonyesha kibali maalumu na stakabadhi za ushuru za KRA, mamlaka ya mapato. Nilipomwomba, alisema ziko kwa wakala wake. Kabla ya kutoa hata shilingi, itafuteni namba ya usajili katika mfumo wa NTSA, mamlaka inayosajili magari, mlinganishe na chesisi mkiwa mmesimama mbele ya gari. Ahadi yake ya kuwaongezea bunduki ya kupamba mbele ikataeni moja kwa moja, kwa sababu Sheria ya Silaha haina mzaha.

Anavyofanya kazi ni hivi: hudai kuna mnunuzi kutoka Dubai anayesubiri, hutaka fedha zitumwe kwa M-Pesa kwa namba yenye jina lisilo lake, kisha huanza kuomba nyongeza ya trela la kubebea gari, kwa kuwa ni kweli minyororo ya chuma huharibu lami.

Tangazo limerudi tena wiki hii. Sasa gari limepakwa rangi ya mchanga na linasemekana liko Mazeras, lakini kiraka cha kuchomelea chenye pembe tatu, ubavuni nyuma ya kiti cha dereva, bado kinaonekana pichani. Waliokwisha kulipa waandikishe taarifa polisi, wachukue namba ya OB (kitabu cha matukio cha kituo), na wahifadhi jumbe zote za malipo bila kufuta hata moja.