Gesi au seredani kwa chumba cha Majengo?

Kwa chai ya asubuhi, gesi haina mpinzani: unawasha, unapika, unazima. Seredani hula makaa kabla sufuria haijatelekwa, na joto jingi hupotelea pembeni. Ila maharagwe ya nazi, yanayotaka moto wa taratibu, bado nayapikia makaa.

Hatari zao hazifanani. Gesi hutiwa harufu makusudi, kwa hiyo ikivuja utaisikia. Ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama sakafuni. Paka povu la sabuni kwenye mpira na regyuleta. Vipovu vikifura, funga mtungi, fungua madirisha, usiguse swichi. Makaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Tafadhali, usilale na seredani ndani, hata mvua ya Mei ikikulazimisha kufunga mlango.