Paipu za intakula: geuza mdomo wa turbo kwanza, ununue baadaye

Wengi wanaotaka kufunga intakula, kipoza cha hewa iliyobanwa na turbo kabla haijaingia kwenye injini, mbele ya rejeta huanzia dukani. Mtu anaingia duka la vipuri la Gerezani, Dar es Salaam, anaonyeshwa boksi la paipu za aluminiamu zinazong'aa pamoja na mipira ya silikoni na klipu zake, analipa. Akifika gereji anakuta mdomo wa turbo, pale inapotokea hewa iliyobanwa, umeelekea ukuta wa kabini. Fundi anapachika kona juu ya kona mpaka hewa igeuke irudi mbele. Gari litawaka na litatembea, lakini kila kiungo kilichoongezwa ni sehemu nyingine ya kuvuja, na kila kona kali inakula presha uliyoilipia.

Orodha hii inaanza na kitu ambacho ningekilipia kwanza. Nimeiandika nikimfikiria zaidi mwenye Land Cruiser ya injini ya dizeli 1HZ iliyoongezewa turbo. Injini ile ya lita 4.2 ilitoka kiwandani bila turbo, kwa hiyo kila anayeifungia turbo anajichagulia njia ya hewa. Mwenye Subaru Forester ambayo bado ina intakula yake ya juu, chini ya tundu la boneti, anaweza kuishia hapa. Mdomo wa turbo yake umeshaelekezwa kunakotakiwa.

Nafasi ya kwanza: oringi mpya (pete ya mpira inayoziba hewa isivuje), na fundi wa kuzungusha hausingi, yaani ganda la turbo. Turbo ina vipande vitatu: hausingi nzito ya upande wa ekzosi, kiini cha katikati chenye shafti na njia za oili, na hausingi ya aluminiamu ya upande wa hewa safi, ile yenye umbo la konokono. Hii ya mwisho inazungushika. Kwenye turbo nyingi za Garrett imebanwa kwa bolti ndogo na vibati: unalegeza, unageuza mdomo uelekee unakotaka, unakaza. Mitsubishi TD04 na TD05 zina pete ya chuma iliyokaa kwenye mfereji, inatolewa kwa koleo la pete. Nyingine zina kipini kidogo kinachozuia hausingi isizunguke, nacho lazima kitolewe kwanza.

Mwangalie fundi kabla hajagusa chochote. Anayeijua kazi atachora mstari wa chaki unaopita kwenye hausingi na kiini, atapiga picha jinsi pete ilivyokaa, halafu atagonga kwa nyundo ya mpira pande zote, kidogokidogo, ili hausingi itoke ikiwa imenyooka. Akichukua bisibisi na kuanza kuikwanyua upande mmoja, mzuie. Hausingi ikipanda mshazari itagusa mapanga ya kompresa, gurudumu linalobana hewa, na yale mapanga ni membamba. Ncha moja ikipinda mzunguko wote unakosa uwiano. Kazi ikiisha, zungusha shafti kwa kidole. Iende laini, isikwaruze.

Oringi ya zamani usiirudishe hata kama inaonekana nzima. Joto huikausha, na ikishatolewa mahali pake haizibi tena vizuri. Nenda nayo dukani ipimwe, na uombe ya mpira unaostahimili joto, kama Viton. Siku Dar iko nyuzi 30, hewa iliyobanwa kwa presha ya bar 0.7 hutoka kwenye kompresa ikiwa na karibu nyuzi 100, kwa hiyo oringi ya bomba la maji haina kazi hapo.

Kitu kimoja hakina mjadala: kinachozungushwa ni konokono, kiini kinabaki kilivyo. Oili inayotoka kwenye turbo hurudi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, kwa kushuka yenyewe, hakuna pampu ya kuivuta. Garrett wanataka njia hiyo isiinamishwe zaidi ya nyuzi 35 kutoka wima. Ukiilaza, oili inajaa ndani ya kiini na kupenya kwenye sili, moshi wa buluu unaanza, na utaambiwa turbo imekufa wakati iko nzima.

Nafasi ya pili: kishikio cha aktueta. Aktueta ni kopo lenye fimbo linalofungua westigeti, geti linalopitisha ekzosi kando ili presha isizidi. Mara nyingi imefungwa kwenye hausingi hiyohiyo ya hewa, kwa hiyo ukiizungusha na yenyewe inahama, na fimbo yake inakuja kwa pembe mbaya. Wapo mafundi wanaoikunja fimbo ili ifike tu. Kataa. Nunua kishikio chenye matundu marefu kinachosogezeka, au kama dukani hakipo, mfuate mtu wa kuchomelea akukatie bati nene la chuma kwa kipimo cha gari lako. Fimbo inyooke kuelekea kwenye mkono wa westigeti, na iwe na urefu wa kurekebishwa kwa nati. Ikiwa fupi kupita kiasi, geti linachelewa kufunguka na presha inapanda; ikilegea, geti linafunguka mapema na gari linakuwa zito mlimani. Kwa 1HZ, ambayo mgandamizo wake ni zaidi ya 22 kwa 1, presha ya ziada isiyopimwa ni hatari kwa pistoni na gasketi ya silinda hedi. Funga geji ya presha kabla hujatoka gereji.

Nafasi ya tatu: kona za silikoni, moja au mbili, siyo sita. Angalia ncha iliyokatwa. Utaona tabaka za kitambaa ndani. Nataka nne au zaidi. Ibonyeze kwa kidole gumba. Ikilala kirahisi, iache. Mpira wa rejeta usiutumie, mvuke wa oili kutoka kwenye turbo unaulainisha mpaka unavimba. Hata silikoni ya kawaida haipatani na oili nyingi, hivyo turbo inayotema itengenezwe kwanza. Klipu chukua zile pana za bolti, zinabana mzunguko mzima bila kukata mpira. Na uache angalau kiungo kimoja cha mpira kati ya injini na intakula: injini inatikisika juu ya maunti zake (vishikio vyake vya mpira), intakula imefungwa kwenye bodi, na paipu ngumu tupu itapasuka kwenye weldi.

Nafasi ya nne: paipu za aluminiamu za kukata na kuchomelea. Baada ya mdomo kuelekezwa vizuri huenda ukahitaji vipande viwili tu vilivyonyooka na kona moja. Kipenyo cha milimita 51 au 57 kinatosha kwa 1HZ yenye presha ya wastani. Ya 76 inapendeza kwenye picha, kwenye injini hiyo haina faida. Pitisha kidole kwenye ncha za paipu. Kama hakuna ukingo ulioinuka, mpira utachomoka siku ya kwanza unakanyaga mafuta kweli. Aluminiamu ichomelewe na mwenye mashine ya argoni.

Nafasi ya tano ni boksi la paipu za jumla, lile la Gerezani. Si bovu. Tatizo ni kwamba unalipia vipande vyote ukatumia nusu, na klipu zinazokuja nayo huwa dhaifu. Linunue baada ya kuzungusha hausingi na kupima njia kwa waya mgumu, ukishajua kona ngapi zinakosekana.

Mwisho kabisa, hausingi nyingine au turbo nyingine. Hapo inaingia turbo isiyogeuzika, na pia zile zenye vipanga vinavyojirekebisha, kama ya injini ya dizeli 1KD-FTV ya Hilux na Prado. Aktueta yake ya umeme imewekewa vipimo pamoja na mkono unaosogeza vipanga. Usiiguse, tengeneza paipu zifuate mdomo ulipo. Ukipewa bei ya hausingi peke yake, nenda na vipimo vya gurudumu lako la kompresa, kipenyo cha kuingilia hewa na cha kutokea. Nafasi kati ya mapanga na ukuta wa hausingi ni chini ya milimita moja, na hausingi "inayofanana" inaweza kusaga mapanga au kuacha hewa irudi nyuma.