TAHADHARI: Magitaa "ya msanii mkubwa" yaliyopakwa rangi upya, Dar es Salaam

Ndugu zangu wapiga gitaa, hasa vijana mnaotafuta gitaa la umeme la mtumba hapa Dar: kuna muuzaji anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na magitaa yaliyopakwa rangi upya, na kila moja lina hadithi ya msanii. Wiki iliyopita amempata mpwa wangu. Shilingi 1,400,000, akiba ya miezi tisa ya bodaboda.

Maneno yake ni haya: gitaa limetumika kwenye video ya msanii mkubwa wa Bongo Fleva (jina analitaja, mimi silitaji kwa sababu msanii mwenyewe hahusiki), lilikuwa jekundu, wakataka liwe jeupe liendane na mavazi, sasa wanaliachia. Anatuma na picha ya msanii akiwa jukwaani na gitaa jeupe. Halafu anaanza kukuharakisha: kuna mteja anatoka Arusha, yuko njiani. Mpwa wangu akatuma laki tano kwa simu ya kulishikilia, zilizobaki akamkabidhi mkononi Kariakoo, usiku, ndani ya gari. Hakulichomeka kwenye spika hata dakika moja.

Aliponiletea, tulifungua begi ikatoka harufu ya thina. Nikakandamiza ukucha karibu na tundu la jeki, pale unapochomeka waya wa spika, alama ikabaki. Tukalegeza nyuzi, tukafungua zile skrubu nne za nyuma zinazoshika shingo. Kwenye kishimo inamokaa shingo, mahali ambapo mtu wa haraka hapigi msasa, rangi zote zilikuwa wazi: nyeupe imechuruzikia ndani, chini yake nyeusi. Nyekundu haikuwepo kabisa. Na pale nyeusi ilipobanduka ukaonekana ubao wenyewe, tabaka juu ya tabaka. Plaiwudi. Jina la Fender, ile kampuni ya magitaa ya Marekani, pale kichwani ni stika, imeanza kunyanyuka pembeni. Nikairudia ile picha, nikaikuza: gitaa la msanii lina pikapu (vile vinasa sauti vya chini ya nyuzi) mbili pana, hili letu lina tatu nyembamba. Kijana aliketi kitandani akilitazama tu, hakusema neno.

Niseme wazi kwamba kupaka gitaa rangi si kosa, wala rangi ya gari si kosa. Fender wenyewe miaka ya 1950 na 1960 walitumia rangi za DuPont, zilezile za magari. George Harrison wa Beatles alilipaka gitaa lake la Fender aina ya Stratocaster kwa mkono mwaka 1967, mpaka rangi ya kucha ya mke wake ikatumika. Ila gitaa lenye historia ya kweli huacha ushahidi. Gitaa la Prince, yule mwanamuziki wa Marekani, lenye umbo la wingu lilipelekwa makumbusho ya Smithsonian kule Marekani mwaka 1993 likiwa la njano. Miaka mingi baadaye likachunguzwa kwa skani, zikaonekana rangi za zamani chini ya ile njano, na ndipo ikajulikana kuwa ndilo la kwanza kabisa kati ya magitaa yake ya umbo hilo, lile alilolitengeneza fundi Dave Rusan kule Minneapolis mwaka 1983. Yaani zile rangi za chini ndizo zilizothibitisha hadithi. Kwa huyu muuzaji ndizo zimemuumbua.

Na hapa ndipo vijana wanapotekwa: anapandisha bei *kwa sababu* limepakwa upya. Kwa wanaonunua magitaa ya zamani ni kinyume chake, gitaa likipoteza rangi ya kiwandani bei yake inashuka sana, labda uwe na uthibitisho wa nani alilipiga.

Mimi nimepaka manne kwa mikono yangu, najua kazi yenyewe. Unavua nyuzi, shingo, pikapu na waya zote. Msasa, praima, kisha rangi nyembamba nyembamba, kila mkono unasubiri uliotangulia ukauke. Unamalizia na vanishi, unaliacha wiki kadhaa, ndipo unapita na msasa wa maji na polishi. Aliyefanya hivyo hawezi kukuletea gitaa linalonuka. Kwa hiyo mkikutana na muuzaji, nendeni mchana, mahali penye umeme na spika, na bisibisi mfukoni. Mwombe alegeze nyuzi na kufungua shingo mbele yako. Mwenye mali halali atasita kidogo kwa sababu ya usumbufu, lakini atakubali. Huyu wa kwetu, nilipompigia nikijifanya mteja na kuomba hilo, alikata simu, na baadaye akaniblock. Namba amekwishabadilisha, hivyo msitegemee kumjua kwa namba. Mtamjua kwa hadithi: video, mavazi, mteja wa Arusha.

Tumekwenda polisi, RB tunayo. Gitaa tumelihifadhi kama kidhibiti, na mpwa wangu kwa sasa anafanyia mazoezi gitaa langu kavu. Nasikia wako wengine wawili Mbagala waliouziwa kwa hadithi hiyohiyo. Kama na wewe umo, tafadhali usilikwangue wala usilipake upya kwa hasira. Piga picha kishimo cha shingo, tunza meseji na muamala wa simu, ukaripoti kituoni wiki hii.