Kamera ya SWIR kwa miezi minane, na kwa nini simpelekei shemeji

Shemeji yangu wa Handeni hunipigia kila mahindi yanapokaribia kukomaa. Nguruwe pori wanamtia hasara, na amesikia kwamba huku Jena, Ujerumani, ninakofanya kazi kuna kamera zinazoona gizani. "Niletee hata moja, shemeji." Ninayoitumia mimi kweli inaona gizani. Ila simpelekei, na si kwa uchoyo.

Ni kamera ya infraredi, yaani mwanga uliopita wekundu ambao macho hayauoni, ya mawimbi mafupi, ndiyo wanayoiita SWIR. Sensa ya simu yako ni ya silikoni, na urefu wa wimbi la mwanga ukifika karibu na nanomita 1,100 silikoni haioni tena. Hii ni ya indiamu, galiamu na aseniki, inashika kuanzia nanomita 900 hadi 1,700. Picha yake ni pikseli 640 kwa 512 tu. Simu ya bei ya chee inaishinda kwa pikseli, na bado kwa bei ya hii ungenunua Noah iliyotumika na chenji ikabaki.

Siku ya kwanza nilijua nimeuziwa mbovu. Niliiwasha jioni, taa za karakana zote zinawaka, skrini nyeusi tii. Nikabadilisha kebo. Nikahakikisha mara mbili kwamba kifuniko cha lenzi nimekitoa. Nikaanza kumwandikia muuzaji barua pepe ya hasira, nimefika aya ya pili, mwenzangu wa meza ya jirani akawasha chuma chake cha kuunganishia waya. Kwa macho kile chuma ni cheusi tu. Kwenye skrini kikawaka kama kaa. Kumbe taa zetu zote ni za LED, na LED nyeupe haitoi mwanga wowote wa maana kupita wekundu. Kwa kamera hii tulikuwa tumekaa gizani. Barua nikaifuta, lakini lawama ninayo: kitabu cha maelekezo kina kurasa chungu nzima na hilo halimo. Nunua taa ya halojeni siku hiyohiyo unayonunua kamera.

Usiku wenyewe niliujaribu kilimani nje ya mji, hakuna mwezi. Hapa ndipo pesa ilipojitetea. Juu angani, kama kilomita 87 hivi, kuna molekuli za haidroksili zinazotoa mwanga usiku kucha. Jicho halina habari nazo, ila kamera hii inauona mwanga wao kama sisi tunavyoona mbalamwezi. Nikiwa na lenzi ya f/1.4, inayoingiza mwanga mwingi, nikaona njia ya miguu, nguzo za ua moja moja, hadi magome ya miti. Jaketi jeusi la mwenzangu likatoka jeupe kama kanzu ya Idi, kwa sababu rangi nyingi za nguo huishia kwenye mwanga wa macho yetu. Halafu likaja wingu zito, picha ikajaa chenga. Chini ya miti ndiyo kabisa. Wanaouza hulisifu anga la usiku, wingu hawalitaji.

Mchezo ninaoupenda ni wa maji. Funga mbele ya lenzi kichujio kinachopitisha mwanga wa nanomita 1,450 tu, weka mezani glasi ya maji na glasi ya mafuta ya kupikia. Mafuta yanabaki yanapitisha mwanga, maji yanakuwa wino. Kwa sababu hiyohiyo ngozi, ambayo imejaa maji, inatoka nyeusi. Mimi na mwenzangu Mjerumani tulisimama mbele ya kamera tukatoka weusi sawasawa. Akacheka mpaka akakaa chini. Kikazi hii si mzaha, maana unyevu wa tunda au wa nafaka unauona bila kupasua kitu.

Yanayonikera ni machache ila yana uzito. Lenzi yangu nzuri ya kawaida ilinipa doa jeupe katikati ya picha, ikabidi ninunue iliyotengenezwa kwa mawimbi haya, tena ghali. Joto nalo ni adui: sensa ikipata moto chenga zinaongezeka, ndiyo maana ndani kuna kipoozeo cha umeme kinachokula betri. Na kamera za aina hii nyingi zimo kwenye orodha za bidhaa za matumizi mawili, ya kiraia na ya kijeshi. Kuzitoa Ulaya ni suala la kibali, si la kuficha kwenye begi kati ya chokoleti.

Kwa ukaguzi wa vitu, na kwa kuona kupitia ukungu mwepesi wa mbali, ningeinunua tena. Kwa kulinda shamba, hapana. Hii inategemea mwanga unaorudi kutoka kwenye kitu, na katikati ya mahindi, mawingu yametanda, mwanga wa kurudi haupo. Shemeji nimemwambia atafute kamera ya joto, ambayo hutumia joto la mnyama mwenyewe. Juzi akauliza kama itamwona nguruwe nyuma ya majani. Yakiwa mazito, hapana. Ila mgongo ukijitokeza tu, unang'aa. Na asijaribu kuchungulia kupitia kioo cha gari. SWIR inapita kioo bila shida, ya joto inakiona kama ukuta. Itabidi ashushe dirisha, na mbu wa Handeni anawajua mwenyewe.