Kuchagua Kisiwa cha Likizo katika Bahari ya Hindi: Wapi Utapata Ufukwe na Msitu kwa Safari Moja

Mtu anayelipia likizo ya kisiwani hudhani ananunua mchanga mweupe na maji ya buluu, na matangazo humkubalia hivyo kwa picha ambazo karibu zote zilipigwa maji yakiwa yamejaa na jua likiwa utosini. Mchanga mweupe, hata hivyo, hauadimiki katika Bahari ya Hindi. Kinachoadimika ni siku. Kati ya siku saba ulizolipia, ni ngapi zitakazobaki za kuogelea na kutembea msituni ukishaondoa zile za kuhamahama viwanja vya ndege, zile za mvua, na zile saa ambazo bahari imepwa ikakuachia uwanda wa matope? Ni kwa swali hilo nimevipanga visiwa vifuatavyo, nikimfikiria msafiri anayetaka pwani na mazingira ya asili kwa pamoja, wala si mmoja wapo tu.

Vipimo vyangu ni vitatu, na havina uzito sawa. Kizito kuliko vyote ni ukaribu wa msitu na ufukwe: je, mtu anaweza kuingia msituni asubuhi na kuogelea alasiri ya siku hiyohiyo bila kupanda ndege nyingine? Cha pili ni bahari yenyewe, yaani kina chake, mikondo yake na saa inazoogeleka. Cha tatu ni usumbufu wa kufika. Bei sikuiweka kuwa kipimo, kwa kuwa hupanda na kushuka kwa msimu kiasi cha kupotosha mpangilio wowote.

Nafasi ya kwanza naipa Shelisheli, ingawa si nchi nzima yenye visiwa 115, bali visiwa viwili vilivyo jirani, Praslin na La Digue. Katikati ya Praslin liko bonde la Vallée de Mai, lenye hekta 19.5 tu, ambalo liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1983 kwa ajili ya mnazi wa coco de mer, ambao mbegu yake ndiyo kubwa kuliko mbegu zote za mimea duniani. Ukisimama chini ya minazi hiyo upepo ukivuma, utasikia makuti yakigongana kwa mlio mkavu kama mbao zinazoangushwa sakafuni, na mvua ikinyesha utaona maji yakiteremka kwenye mfereji wa kila jani hadi shinani, kana kwamba mti umejichongea mabomba yake wenyewe. Humo pia huishi kasuku mweusi, ambaye huonekana zaidi asubuhi mapema kabla makundi ya wageni hayajafika. Ukitoka bondeni, safari ya gari hadi ufukwe wa Anse Lazio ni fupi, kisha siku inayofuata unavuka kwa boti kwa muda wa takriban robo saa hadi La Digue, ambako watu wengi huzunguka kwa baiskeli kati ya majabali makubwa ya matale yaliyolainishwa na mvua za karne nyingi.

Anayependa ndege wa angani asiache kisiwa cha Cousin, kilichonunuliwa mwaka 1968 ili kumwokoa ndege mmoja mdogo aliyekuwa karibu kutoweka. Boti uliyokodi hairuhusiwi kugusa ufukwe wake. Walinzi huja na boti yao kukuchukua baharini, kwa hofu kwamba panya mmoja aliyejificha kwenye boti ngeni angeweza kuharibu kazi ya miaka yote hiyo. Utaratibu huo, kwa maoni yangu, unakueleza zaidi kuhusu hifadhi kuliko kibao chochote cha maelezo.

Kasoro ya Shelisheli ni gharama, na ya pili ni upepo. Kusi huvuma kuanzia Mei hadi Oktoba, na katika miezi hiyo fukwe zinazotazama kusini-mashariki hupata mawimbi makali na marundo ya mwani. Grand Anse ya La Digue, kwa mfano, ni nzuri sana kutazama lakini mkondo wake si wa kuchezea. Kwa hiyo chagua malazi kwa kuangalia ramani na upepo wa mwezi unaosafiri, au nenda wakati wa tangambili, yaani Aprili, au mwishoni mwa Oktoba na Novemba, bahari inapotulia. Tahadhari moja ya nyaraka: Shelisheli haidai viza, lakini kila mgeni hutakiwa kuomba idhini ya kusafiri kwa mtandao kabla ya kuondoka kwao.

Nafasi ya pili ni ya Unguja, ambayo ingeweza kuwa ya kwanza kama si maji yake. Msitu wa Jozani, uliofanywa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka mwaka 2004, uko njiani kabisa unapoelekea fukwe za mashariki, kiasi kwamba mtu anaweza kushuka garini, akatembea saa mbili kati ya miti na mikoko, kisha akafika ufukweni kabla ya chakula cha mchana. Mwenyeji wa msitu huo ni kima punju, ambaye asili yake ni Zanzibar pekee na hapatikani penginepo duniani. Wale wanaoishi kando ya mashamba hula majani ya miembe na mikungu, yenye kemikali zinazosumbua tumbo, kisha hutafuta makaa ya kuni na kuyatafuna ili yanyonye sumu hiyo. Kumwona kima ameshika kipande cha kaa kwa vidole vyeusi, akikimega taratibu kama mtoto na biskuti, kunatosha kuhalalisha kiingilio.

Kuhusu maji, nitasema kwa urefu kwa sababu hapa ndipo wanunuzi wengi hujuta. Paje, Bwejuu, Jambiani na fukwe nyingine za mashariki zina uwanda mpana wa kina kifupi hadi kwenye mwamba, na maji yakipwa hukimbia mbali hata mtu akaweza kutembea muda mrefu kabla hayajamfika magotini. Mara ya kwanza nilipolala upande huo, nilikuwa nimelipia chumba kilichotajwa kuwa cha mbele ya bahari, na kwa asubuhi tatu mfululizo bahari niliyoiona ilikuwa mstari mweupe wa povu huko mbali. Mbele yangu palikuwa na nyasi bahari zilizolala, vijiti vya mashamba ya mwani vilivyofungwa kamba, na akina mama wakivuna wakiwa wameinama. Palikuwa pazuri, ila si pa kuogelea. Kosa lilikuwa langu: nilikwenda wakati wa bamvua bila kujua maana yake kwa mnunuzi.

Mwenyeji wa pwani analijua jambo hili tangu utotoni. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana, na hiyo ndiyo bamvua. Katikati ya vipindi hivyo huja maji mafu, ambapo tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo. Pwani ya Unguja, katika siku za bamvua, maji hufikia kikomo cha kupwa karibu saa nne au saa tano asubuhi na kujaa alasiri, ilhali katika siku za maji mafu hujaa yakielekea mchana. Nyakati hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Kwa hiyo anayetaka kuogelea mchana upande wa mashariki apange safari yake izunguke siku za maji mafu, na asiyeweza kubadilisha tarehe alale Nungwi au Kendwa, kaskazini, ambako kina huanza karibu na ufukwe na maji hayakimbii sana. Tangu Oktoba 2024, mgeni kutoka nje ya nchi hutakiwa pia kulipia bima ya safari ya Zanzibar ya dola 44 za Marekani, hata kama tayari ana bima nyingine.

Nafasi ya tatu nimeiweka Pemba, na najua wapo watakaoshangaa. Huduma ni chache na malazi si mengi, lakini kwa kipimo changu cha kwanza Pemba inashindana hata na Praslin: Msitu wa Ngezi, kaskazini-magharibi, unapakana na ufukwe wa Vumawimbi, ambao jina lake ni onyo la kutosha kwa asiyejua kuogelea. Humu visiwani huishi popo wa Pemba, mkubwa mwenye manyoya ya rangi ya kutu, aliyekaribia kutoweka mwishoni mwa miaka ya 1980 kisha akaongezeka tena wanavijiji walipoanza kumlinda. Ukifika Kidike majira ya jioni utawaona wakining'inia juu ya miti, wakijipepea kwa mabawa na kugombana, halafu giza likianza kuingia wanaondoka mmoja mmoja. Asiyevumilia umeme wa kukatika na ratiba ya feri isiyo ya kila siku aende kwingine.

Morisi ni ya nne, na kwa familia yenye watoto wadogo ningeisogeza hadi ya pili bila kusita. Mwamba wa matumbawe umekizunguka karibu kisiwa chote, kwa hiyo bahari ya ndani hutulia, na maji hupanda na kushuka kwa takriban nusu mita tu, jambo linalofuta wasiwasi wote nilioueleza kuhusu Unguja. Hifadhi ya Black River Gorges ina njia nzuri za miguu, na katika kisiwa kidogo cha Île aux Aigrettes unaweza kumwona njiwa wa waridi, mmoja wa ndege waliookolewa ukingoni mwa kutoweka. Kilichoiangusha ni kwamba msitu wa asili uliobaki katika hali nzuri ni kidogo mno, sehemu kubwa ikiwa imegeuzwa mashamba ya miwa tangu zamani, na kwamba Januari hadi Machi ni miezi ya vimbunga. Jirani yake, Reunion, yenye volkano hai ya Piton de la Fournaise na milima inayozidi mita 3,000, ni kisiwa cha kupanda milima. Baada ya mashambulizi ya papa, kuogelea nje ya maeneo yaliyolindwa kulipigwa marufuku mwaka 2013, kwa hiyo nimekiacha nje ya mpangilio.

Mafia inafuata. Hifadhi yake ya bahari, iliyoanzishwa mwaka 1995 ikiwa na kilomita za mraba 822, ni miongoni mwa sehemu bora za kuzamia katika pwani yote ya Afrika Mashariki, na kati ya Oktoba na Februari papa potwe hukusanyika karibu na Kilindoni, samaki mkubwa kuliko wote duniani asiye na madhara kwa mtu. Elewa mambo mawili kabla ya kulipa. Malazi mengi yako Utende, upande wa pili wa kisiwa, kwa hiyo kumwendea potwe ni safari ya kuvuka kisiwa kwanza. Tena kiingilio cha hifadhi hulipwa kwa siku, na bei ya chumba mara nyingi haikijumuishi. Ufukwe wa Utende wenyewe ni wa mikoko na maji ya kupwa. Anayekuja kwa ajili ya mchanga atasikitika.

Nosy Be, Madagaska, ina msitu wa Lokobe wenye komba weusi, na potwe wake huonekana kati ya Septemba na Desemba. Ni mahali pazuri ambapo kufika kwake kunakula siku mbili za likizo ya wiki moja, basi.

Maldivi nimeiweka mwisho, na wapenzi wake wasinune, kwani kama mwongozo huu ungehusu kilicho chini ya maji pekee, ningeiweka kileleni. Ghuba ya Hanifaru, katika kisiwa-pete cha Baa, hukusanya samaki wakubwa waitwao taa kwa wingi wa ajabu katika majira ya upepo wa kusini-magharibi. Juu ya maji, hata hivyo, karibu visiwa 1,200 vyenye wastani wa mita moja na nusu tu juu ya usawa wa bahari haviwezi kuwa na msitu wa kutembea, na siku ya tatu mtu hujikuta amekizunguka kisiwa chake mara kumi. Kumbuka pia kwamba ndege za majini haziruki usiku: ukitua Malé jioni, utalipia usiku mmoja usioutarajia, na gharama hiyo haiko kwenye bei uliyotangaziwa.

Popote utakapoamua, anayetoka nchi yenye homa ya manjano ahakikishe kadi yake ya chanjo ina siku 10 au zaidi kabla ya kusafiri, na anayekwenda Pemba, Mafia au Nosy Be achukue kinga ya malaria. Kisha, kabla ya kutuma malipo ya awali ya malazi, mwandikie mwenye nyumba umwombe picha mbili za ufukwe wake zilizopigwa siku moja ya bamvua, moja ya saa nne asubuhi na nyingine ya saa kumi jioni. Akikutumia zote mbili, lipa.