Mtafiti wa mbu: maabara au fildi?
Hii ligi haiishi kwa watu wa utafiti wa malaria, kuanzia Ifakara mpaka Kisumu. Kwa masaa, maabara inaonekana rahisi, unaingia asubuhi jioni ushafika nyumbani, ila ukipangiwa kufuga mbu umekwisha, viluwiluwi hawajui Jumapili wala Idi, wanataka msosi kila siku. Fildi ndo kimbembe, Anopheles (mbu wanaoeneza malaria) wengi wanauma usiku kwa hiyo mitego inawashwa jioni inakusanywa alfajiri, halafu bado hujalala unaanza kuchambua mbu mmoja mmoja. Ila posho ipo (ikichelewa sasa!). Uhakika wa kazi? Masika ikikata barabara fildi hamna, na maabara umeme ukikatika katikati ya PCR (kipimo cha DNA) unaanza upya. Mwenye kichanga nyumbani abaki maabara, anayesaka data za tasnifu aende fildi.